Mdomo Nyuma ya Mtandio

Tangu walipoanza kupendana, Kope alikuwa akijiuliza siku atakayokutana na mama yake Tochi itakuwaje. Alijiandaa kwa kila kitu alichoweza kukifikiria. Gauni lilikuwa la heshima, la rangi ya kahawia, amelishona mwenyewe. Viatu havikuwa na kisigino kirefu. Salamu aliifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi zake. Alijiandaa kuchunguzwa, kuulizwa ukoo wake, hata kuchekwa. Kitu kimoja tu hakukijiandalia: kwamba mama mkwe mtarajiwa angezungumza naye huku mdomo ameufunika.

Kope alikuwa kiziwi. Homa ya utotoni ilimwachia kila kitu isipokuwa masikio, na tangu hapo akawa anasikia kwa macho. Hata jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa bwenini na wasichana wenzake viziwi, kwa ishara, ncha ya kidole ikigusa juu ya jicho, maana kope zake zilikuwa ndefu kupindukia. Jina la vyeti lilibaki kwenye vyeti. Sasa alikuwa fundi wa mapazia, na wateja wake walishazoea kusimama penye mwanga na kusema taratibu.

Tochi naye jina lake alipewa na Kope. Kijana huyu alikuwa mpima macho. Kope alikwenda kwake kwa sababu macho yalikuwa yakimwuma baada ya kushona, na mtu ambaye macho ndiyo masikio yake hafanyi mchezo na macho. Alipoketi kwenye kiti cha kupimia, kijana akazima taa kama kazi ile inavyotaka, akaanza kumweleza la kufanya. Gizani Kope hakuona mdomo. Akabaki ameduwaa. Kijana akaelewa. Hakuwasha taa wala hakuanza kuomba radhi nyingi za kutia aibu. Aliichukua tochi yake ndogo ya kazi, akajimulika mwenyewe usoni, akarudia maelezo yote toka mwanzo. Kope aliutazama ule uso ukielea gizani, wenye alama ya wembe kidevuni, akaendelea kuutazama hata maneno yalipokwisha. Ilionekana hahitaji miwani. Wiki iliyofuata alirudi kudai kwamba huenda anahitaji.

Kikwazo kilikuwa mama. Mama yake Tochi alikuwa mjane, na mtaa mzima ulimjua kwa maneno. Aliongea na muuza mboga, akaongea na paka, na redio nayo aliijibu. Tochi alipomweleza habari za Kope, hakutukana wala hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nyumba yake ni nyumba ya mazungumzo. Mumewe alikwishakufa, mwanawe ndiye aliyebaki wa kuongea naye, sasa akiletewa mkwe ambaye huwezi kumwita kutoka jikoni, ambaye umeme ukikatika huwezi kumwambia neno, yeye ataongea na nani? Na wajukuu watabembelezwa kwa wimbo gani? Tochi alimsihi amwone msichana kwanza ndipo aseme. Mama akazungusha, akasingizia mafua, akasingizia wageni, mwisho akachoka kusingizia. Akamwambia amlete Jumapili, ila asidhani kwamba kumwona kutabadilisha kitu.

Ndiyo Jumapili yenyewe hii. Na mlangoni tu mambo yaliharibika.

Kwa asiyesikia, "mama" na "baba" ni neno moja. Midomo inafunga, inafunguka, inafunga, inafunguka, basi. Tofauti imejificha puani, mahali ambapo jicho halifiki. Kope alilijua hilo tangu akiwa mdogo, alifundishwa kwa shida, na mbele ya kioo nyumbani alilifanya vizuri. Lakini mlango ulipofunguliwa na mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho yale yale ya Tochi, hofu ilimfuta kila kitu kichwani.

"Shikamoo, baba," akasema.

Yeye hakujua kilichotoka. Alikijua kwa kuona mabega ya mama mdogo, dada yake mama, aliyeitwa siku ile awe shahidi. Mabega yalitikisika, kisha mwenyewe akageukia ukutani kama anayetafuta kitu. Mama hakucheka. Aliitikia marahaba, kifupi, huku akimtazama mgeni ambaye naye alikuwa amemkodolea macho mdomoni asipitwe na neno. Ndipo mama aliposhika upindo wa mtandio wake, akaupandisha mpaka chini ya pua. Na pale ukabaki.

Sebuleni waliketi wakitazamana. Mama aliongea, Kope akaona nyusi zikipanda na kushuka, akaona mtandio ukipulizwa na pumzi, neno hakuona hata moja. Ikabidi Tochi awe anarudia kila kitu kwa mdomo wake na kwa ishara zake za kuchechemea. Mama anauliza kama mmefika salama. Mama anauliza kama kazi ya mapazia ina wateja. Mama anasema karibu chai. Kope alijibu kwa kutikisa kichwa na kutabasamu, mikono ameikalia, na kadiri chai ilivyopoa ndivyo na yeye alivyopoa.

Alikuwa amerudi darasani. Shule aliyosoma ilikuwa ya viziwi, na ilikuwa na sheria iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: HAPA TUNASEMA KWA MDOMO. Waliamini, na waliamini kwa moyo mmoja kabisa, kwamba mtoto akiachiwa ishara hatajifunza kusema, na asiyejifunza kusema hatapata mahali duniani. Aliyeonekana akitumia mikono aliambiwa aikalie mpaka kengele ya kutoka. Wengine walilia. Kope alizoea kuikalia kabla hajaambiwa, na mazoea hayo yakakua pamoja naye. Mpaka leo, akiingia mahali pa kuogopesha, mikono ilijificha yenyewe chini ya mapaja.

Halafu kulikuwa na jaribio. Mwalimu wa matamshi, mwanamke mrefu aliyenukia sabuni, alikuwa akiziba mdomo kwa kitabu chenye jalada gumu na kusema neno, ili ajue nani amebakiwa na chembe ya kusikia. Kope hakubakiwa na chochote. Alisimama mbele ya kile kitabu akibahatisha, meza, maji, mbuzi, na kila mara macho ya mwalimu juu ya jalada yalifumba taratibu kwa kukata tamaa. Leo kitabu kilikuwa mtandio. Macho juu yake yalikuwa mengine, lakini kwa Kope jaribio lilikuwa lile lile.

Aliinuka, akamwashiria Tochi watoke.

Uani, karibu na kamba ya nguo, mikono yake iliachiliwa yote kwa pamoja, na ilikuwa na hasira. Alimwambia anataka kwenda nyumbani. Tochi akamwomba apunguze mwendo, hawezi kufuata. Akapunguza, ikawa mbaya zaidi, maana sasa kila neno lilionekana.

"Mama yako amejifunika mdomo ili nisimwelewe. Huyo amenikataa kabla sijaketi."

"Sijui kwa nini anafanya vile," Tochi akasema, akihakikisha uso wake uko kwenye mwanga. "Nakuapia sijui. Mama yangu huyu ninayemfahamu hawezi kunyamaza hata usingizini."

"Basi ameweza leo, kwa ajili yangu."

"Kaa kidogo. Nikamwulize."

"Usimwulize. Ukimwuliza nitakuwa msichana aliyekuja kumshtaki mama mtu nyumbani kwake." Akafuta jicho kwa kiganja. "Wewe nakupenda. Hilo halina mjadala. Lakini siwezi kuolewa katika nyumba ya kukisia. Nimekisia utoto wangu wote."

Tochi alimsogelea hatua moja. Alitaka kumkumbatia, akahofia kwamba akimkumbatia ataificha mikono yake na atakuwa amemnyamazisha. Akamshika kidole kimoja tu, kile cha mwisho, akakibana. Kisha akasema anakwenda barabarani kutafuta teksi, na kwamba siku za Jumapili huchelewa, asimlaumu.

Kope akabaki peke yake, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya kamba. Mbele yake palikuwa na dirisha la jikoni, limefunguliwa, na ndani yake mama na mama mdogo walikuwa wakiosha vikombe. Mtandio wa mama ulikuwa umeangukia mabegani.

Viziwi wana adabu yao. Ukiona maneno ambayo hukuambiwa wewe, unageuza uso, kama mwenye masikio anavyoondoka mlangoni. Kope aliijua adabu hiyo. Lakini alikuwa amenyimwa mdomo ule tangu mlangoni, na sasa huo hapo, wazi, kwenye mwanga mzuri. Hakugeuza uso.

"Ananitazama mdomoni tu," mama alikuwa akisema. "Toka mlangoni. Hasogezi macho. Na mimi meno yangu ya mbele yameshakwenda zake, unajua mwenyewe ninavyoona haya. Mbele ya msichana mrembo vile, nafungua mdomo, pengo hili hapa. Atasema mama mkwe gani huyu."

Mama mdogo alijibu kitu, lakini alikuwa amempa mgongo.

"Niongee naye nini?" mama akaendelea. "Nilimkataa mtoto wa watu bila kumjua. Sasa amekuja, mpole, amejishonea gauni zuri, na mimi ulimi umenikauka. Naogopa nitasema neno aelewe lingine, aumie. Na mikono ameikalia, umeona? Hataki hata kunipa mkono. Ameshaambiwa kwamba nilimkataa, na ana haki."

Kope alisimama pale, gauni likipepea na nguo za kambani. Alijisikia kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima, akafika, akaambiwa mzigo haukuwa wake. Angeweza kumsubiri Tochi amsemee. Ingekuwa rahisi. Badala yake alivuka uani, akaingia kwa mlango wa jikoni, akasimama mbele ya yule mwanamke, na kabla hajafungua kinywa akaweka kidole kando ya pua yake, ahisi mtetemo, kama alivyofundishwa akiwa mtoto.

"Mama," akasema.

Kidole kilitetemeka. Lilikuwa limetoka sawa. Aliliona kwenye uso wa mama, lilivyopokewa.

Mkono wa mama ulikuwa tayari umeshika upindo wa mtandio. Kope akautazama mkono ule, akakusanya sauti yake, sauti ambayo hajawahi kuisikia na ambayo watoto wa mtaani kwao walikuwa wakiiigiza.

"Nilikuwa dirishani. Nimesoma uliyosema. Nisamehe." Akaugusa mdomo wake kwa kidole. "Sisomi meno, mama. Nasoma midomo. Ukiifunika, umenizimia taa."

Mama mdogo alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua, akatoka. Mama aliuacha mtandio ukaanguka. Kisha, kwa kusitasita, akatabasamu, pengo na yote, na kumbe tabasamu lenyewe ndilo lile lile la Tochi.

"Na wewe mikono yako?" akauliza, taratibu, akiyaumba maneno moja moja kama anayemlisha mtoto. "Mbona umeinyima hewa?"

Waliketi palepale jikoni, kwenye viti vifupi, na Kope akasimulia. Halikuwa jambo jepesi. Maneno mengine yalitoka yamepinda, mama akalazimika kumwomba arudie, na mengine alishindwa kabisa akayaonyesha kwa mikono, na mama akaotea, akakosea, wakacheka. Alimweleza sheria ya ukutani. Alimweleza kitabu chenye jalada gumu, na mama aliposikia hilo alijigusa mtandio, akauvua kabisa, akautundika msumarini.

Kisha Kope akamweleza habari za bweni. Maana shule haikuwa madarasa tu. Walipotoka darasani wasichana walikwenda kufua, na shuka zilipoanikwa zilifanya kuta ndefu, nyeupe, zinazochuruzika maji, na nyuma ya kuta hizo hakuna mwalimu aliyeona. Huko ndiko dada mmoja mkubwa, mtoto wa wazazi viziwi, alikomfundisha lugha ya mikono. Darasani Kope alikuwa akitumia juma zima kupata neno "kikombe". Nyuma ya shuka, kwa siku moja, alijifunza wivu, siri, utani, samahani. Alijifunza kusema anaota. Alipoanza kuvunja ungo na akadhani anakufa, dada yule ndiye aliyemweleza, kwa mikono iliyolowa, kwamba hafi. Kulikuwa pia na mlezi wa bweni, mama mwenye kusikia, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakamata. Kila alipokaribia huko kambani alikuwa akitembea kwa kukanyaga ardhi kwa nguvu, wahisi mtikisiko miguuni, wapate kuacha. Walidhani ni mwanamke mzito tu. Walipokuwa watu wazima ndipo walipoelewa.

Mama alikuwa amesikiliza mkono ukiwa kifuani. Akauliza kama anawachukia wale walimu.

Kope alifikiri kwanza. Hakuwahi kuulizwa na mtu mwenye kusikia.

"Mwalimu wa matamshi nilimchukia sana," akasema. "Angeniachia na mikono, ningempenda. Lakini leo nimekuita mama, na wewe umesikia mama. Hilo ni la kwake, siwezi kumnyima. Mengine yote niliyo nayo ni ya yule dada. Hata kumpenda mwanao. Bila yeye nisingejua kwamba kinachonipata kinaitwa hivyo."

Machozi yalimlenga mama, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo. Akasema hajui lini watu hao watashukuriwa. Kope akamjibu kwamba dada yule yupo, anafundisha watoto viziwi katika shule ambayo ukuta wake hauna maandishi yale, na akiolewa ndiye atakayesimama naye. Mlezi wa bweni alishafariki, na kwenye mazishi yake wasichana walisimama mstari mrefu, wakapiga ardhi kwa miguu.

Baada ya hapo mama alisogeza kiti chake mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akamgeukia Kope uso mzima, akaanza kuongea. Na alipoanza, alianza kweli. Alimsimulia alivyokutana na marehemu mumewe, mtu mkimya kupita kiasi, ambaye siku ya kumposa aliketi mbele ya wakwe akasahau neno alilotumwa, ikabidi yeye binti amsemee kutoka chumba cha pili. Alisimulia utoto wa Tochi, na majirani, na ugomvi wa kale kuhusu mfereji wa maji machafu ambao Kope hakuupata kichwa wala miguu. Nusu ya maneno ilimpita. Hakujali. Alikuwa ameketi mbele ya mdomo uliofunguliwa kwa ajili yake, usio na haraka, wenye pengo katikati, na kifuani alisikia shukrani iliyojaa mpaka karibu imwume: kwa mwanamke huyu, kwa dada wa nyuma ya shuka, kwa mlezi mwenye miguu mizito, kwa kijana aliyejimulika usoni, na hata kwa yule mwalimu aliyenukia sabuni. Wote walikuwa wamemleta mpaka kwenye kiti hiki.

Lakini macho huchoka kama miguu. Herufi zilianza kuchanganyika. Zamani angetikisa kichwa na kutabasamu, kama wanavyofanya wote waliosoma shule ile, mpaka msemaji atosheke.

"Mama," akasema, "naomba radhi. Macho yangu yamechoka."

Mama alikatika katikati ya sentensi. Aliutazama ule uso mchovu, akaonekana anatafuta la kusema, kisha akaona kwamba la kusema halihitajiki. Akainama, akaitoa mikono ya Kope chini ya mapaja ilikokuwa imerudi yenyewe, akaiweka juu ya mapaja yake mwenyewe na kuifunika kwa mikono yake. Wakakaa hivyo. Maji ya chai yalichemka, mvuke ukapanda dirishani, na mwanamke ambaye mtaa mzima haujapata kumwona kimya alikuwa kimya, na wala hakuonekana kuteseka.

Ndivyo Tochi alivyowakuta. Aliingia akihema, jasho limemtiririka, uso wa mtu aliyekwishajitayarisha kwa mabaya. Kimya kile kilimtisha. Alimtazama mama yake asiye na mtandio, akamtazama Kope aliyefumba macho, akasema teksi imefika, iko nje.

Kope alihisi mtikisiko wa nyayo, akafumbua macho kwa wakati ili aone jibu.

"Mwambie aende zake," mama alisema. "Na usitupigie kelele. Mke wako amechoka kunisikiliza, tumepumzika."

Midomo hudanganya, na maneno mafupi hudanganya zaidi. Kope alijifunza zamani kutoamini neno alilolitamani sana. Akamgeukia Tochi kwa macho, amwulize kama ameona vizuri.

Tochi alikuwa ameshika fremu ya mlango. Alijaribu kumrudishia neno kwa mdomo, mdomo ukamkataa. Basi akalisema kwa mikono, mke wangu, vidole vikigongana, ishara imekosewa mwanzo na mwisho, akairudia, akaikosea tena. Kope hakumsahihisha.